SARATANI YA MATITI: DAMU INASEMA NINI, NA NINI HAIWEZI KUSEMA?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunapenda kujibu swali ambalo akina mama wengi wametuuliza katika kliniki, wodini, na hata nje ya kanisa baada ya Misa. Swali lenyewe ni hili: Je, ni kweli kwamba siku hizi saratani ya matiti inaweza kugunduliwa kwa kupima damu tu, bila kukatwa kinyama wala kuchomwa sindano kwenye titi?

Swali hili si la mchezo. Wanakuja kwetu akina mama wenye uvimbe titini wa miezi sita au zaidi. Ukiwauliza kwa nini wamechelewa, baadhi yao hutoa mkobani karatasi ya maabara iliyokunjwa vizuri na kusema, "Sista, nilipima damu, wakaniambia niko salama." Karatasi ile imegharimu fedha nyingi, pengine ng'ombe aliuzwa, na wakati wote huo uvimbe umekuwa ukikua. Kwa upande mwingine, wapo mabinti ambao mama zao walifariki kwa saratani ya matiti, nao wangefaidika sana na kipimo fulani cha damu, lakini hawajawahi kuambiwa kwamba kipo.

Kwa hiyo ni vema tuelewane. Vipimo vya damu vipo, vingine ni vya ajabu kweli, na vinaendelea kuboreshwa kila mwaka. Lakini kila kimoja kina kazi yake. Panga na jembe vyote ni vya chuma, ila hakuna mkulima anayepalilia kwa panga.

UGONJWA WENYEWE KWA KIFUPI

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe hai ndogondogo zisizoonekana kwa macho, ambazo huitwa seli. Ndani ya karibu kila seli mna maandishi ya urithi tuliyopewa na baba na mama. Maandishi hayo wataalamu huyaita vinasaba, au kwa kifupi DNA. Sehemu ya maandishi yenye agizo moja maalumu huitwa jeni. Jeni kadhaa huchangia rangi ya macho, nyingine huagiza seli igawanyike lini na iache lini.

Saratani huanza pale maagizo hayo yanapoharibika ndani ya seli moja. Seli hiyo hugawanyika ovyo bila kusikia amri, ikazaa nyingine na nyingine, hata uvimbe ukatokea. Usipotibiwa mapema, seli za uvimbe huo husafiri kwa njia ya damu na mitoki hadi kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Wanaume nao hawakusalimika: karibu mmoja katika kila wagonjwa 100 ni mwanaume. Katika nchi zetu za Afrika wagonjwa wengi ni wanawake walio chini ya miaka 50, yaani mama ambaye bado ana watoto shuleni.

VIPIMO VYA DAMU NI VYA AINA TATU

Mtu akisema "nimepima damu ya kansa", inatupasa kumwuliza amepima nini hasa. Ziko aina tatu, na watu huzichanganya:

(a) Kipimo cha jeni za kurithi. Hiki hutazama maandishi uliyozaliwa nayo. Hakisemi kama unaumwa leo, bali kinasema kama hatari yako ni kubwa kuliko ya wengine.

(b) Kipimo cha vipande vya vinasaba vya saratani vinavyoelea katika damu. Hiki hutafuta maandishi yaliyoharibika ambayo yametoka ndani ya uvimbe wenyewe.

(c) Kipimo cha protini za saratani, kama kile kinachoitwa CA 15-3. Hiki hakipimi jeni kabisa, bali hupima kitu kinachotolewa na seli.

Tuangalie kimoja kimoja.

JENI ZA KURITHI

Kwa miaka mingi waganga walikuwa wakiona familia ambazo bibi, mama, shangazi na binti wote waliugua saratani ya matiti. Wengi hawakuamini kwamba jeni moja ingeweza kuleta jambo hilo. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mama Mary-Claire King, alionyesha kwamba katika familia za namna hiyo ugonjwa unafuatana na sehemu fulani ya kromosomu ya 17. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana, ikaitwa BRCA1. Mwaka uliofuata ikapatikana ya pili katika kromosomu ya 13, nayo ikaitwa BRCA2. Baadaye nyingine zimejulikana, mojawapo ikiwa ni PALB2.

Kazi ya jeni hizi ni njema. Hizo ndizo mafundi wa mwili: maandishi ya urithi yakikatika, huyaunga tena. Kila mtu anazo, wanaume kwa wanawake. Tatizo huja pale mtu anapozaliwa na nakala moja yenye kasoro. Hapo fundi amebaki mmoja. Huyo naye akipata dhara katika seli ya titi, uharibifu hauna wa kuukarabati.

Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake karibu 10,000 wenye kasoro hizi, ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, wapatao 72 hupata saratani ya matiti kabla ya kufikisha miaka 80. Kwa BRCA2 ni wapatao 69. Hatari ya saratani ya mifuko ya mayai nayo huongezeka: wapatao 44 katika 100 kwa BRCA1, na 17 kwa BRCA2. Ili mlinganishe, kati ya wanawake wote wa Marekani ni mmoja tu katika kila 8 anayepata saratani ya matiti maishani mwake.

Lakini tusitishane. Saratani nyingi za matiti hazitokani na kurithi jeni moja yenye kasoro. Hesabu ya kawaida ni 5 hadi 10 katika kila wagonjwa 100. Hata hivyo hesabu hiyo ilitokana zaidi na watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2018 watafiti wa Nigeria na Marekani walitoa matokeo ya kupima jeni za wagonjwa 1,136 wa Nigeria. Wagonjwa 167, yaani karibu 15 katika kila 100, walikuwa na kasoro ya kurithi. Miongoni mwa wanawake 997 wasioumwa waliopimwa kwa kulinganisha, hawakufika hata 2 katika 100. Hii inatuonyesha kwamba jambo la kurithi linatuhusu sisi Waafrika pia.

Hapa tunapenda kusahihisha mawazo mawili yanayoumiza familia nyingi.

La kwanza ni kwamba ugonjwa huu "unatoka kwa mama". Si kweli. Baba anaweza kuwa na kasoro ya BRCA bila kuumwa kabisa, akampa binti yake. Kila mtoto, wa kiume au wa kike, ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi kasoro ya mzazi, kama vile kurusha sarafu. Wengi wetu tunafahamu sikoseli, ambapo mtoto huugua akirithi kasoro kwa wazazi wote wawili. Hapa ni tofauti. Kasoro kutoka kwa mzazi mmoja tu yatosha kuongeza hatari. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za ukoo, usitaje upande wa mama peke yake. Taja na shangazi zako, na bibi mzaa baba.

La pili ni kwamba akina mama wa ukoo mmoja wakifuatana kuugua, basi ukoo umelogwa au una mkosi. Tumeona wajane wakinyooshewa kidole, na wakwe wakisusiwa misiba, kwa ajili ya maneno hayo. Kinachofuatana katika ukoo huo ni herufi chache zilizokosewa katika maandishi ya jeni, basi. Hakuna mtu aliyeziweka, na hakuna wa kulaumiwa.

Nani anafaa kupimwa jeni hizi? Si kila mtu. Kwa kawaida huanza yule aliyeugua, hasa kama aliugua akiwa bado kijana, au aliugua matiti yote mawili, au alipata saratani ya mifuko ya mayai, au ni mwanaume mwenye saratani ya titi, au ana ndugu wa damu kadhaa waliougua. Akikutwa na kasoro, ndipo ndugu zake wanaweza kupimwa kasoro ileile. Damu hutolewa mkononi kama kwa kipimo chochote, nayo maabara husoma jeni katika chembe nyeupe. Hata mate yanaweza kutumika.

Majibu yanaweza kuwa ya namna tatu: kasoro ipo, kasoro haipo, au kuna badiliko ambalo maana yake bado haijajulikana. Jibu hili la tatu hutokea zaidi kwa Waafrika, kwa sababu vitabu vya kulinganishia vilijazwa zaidi na damu za Wazungu. Mtu akipata jibu la namna hiyo asikimbilie upasuaji, kwa kuwa halihesabiwi kama ugonjwa wala kama kasoro iliyothibitishwa.

Na aliyekutwa na kasoro afanye nini? Yapo ya kufanya. Katika nchi zenye vifaa, mwanamke wa namna hiyo hupigwa picha za matiti kila mwaka kuanzia umri wa miaka 25 kwa mashine ya MRI, na baada ya miaka 30 huongezewa eksirei ya matiti iitwayo mamografia. Wengine, baada ya kupata watoto wanaowataka, hushauriana na daktari kuondoa mifuko ya mayai, au matiti, kabla ugonjwa haujaja. Mcheza sinema wa Marekani Angelina Jolie alieleza hadharani mwaka 2013 kwamba alifanya hivyo baada ya kukutwa na kasoro ya BRCA1. Aidha, kwa aliyekwisha kuugua, jibu hili hubadilisha hata matibabu. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa 1,836 wenye kasoro za BRCA ulionyesha kwamba waliopewa dawa iitwayo olaparib baada ya matibabu ya kawaida walipata nafuu kubwa zaidi: baada ya miaka mitatu, karibu 86 katika 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi, wakati wale wasioipata walikuwa 77.

VIPANDE VINAVYOELEA KATIKA DAMU

Mwaka 1948 wataalamu wawili wa Ufaransa, Mandel na Métais, waligundua kwamba katika maji ya damu, nje ya seli, mnaelea vipande vya vinasaba. Wakati ule watu wachache walijali. Leo hii ugunduzi ule umekuwa msingi wa kazi kubwa.

Jambo lenyewe si gumu kulielewa. Seli zikifa, hupasuka na kumwaga vipande vya maandishi yao katika damu. Kila mmoja wetu anavyo. Mwenye saratani huwa na vya kawaida pamoja na vichache vilivyotoka ndani ya uvimbe, vyenye makosa yaleyale ya uvimbe. Ukisimama kando ya mto ukaona maganda ya mpunga yakielea, unajua kwamba huko juu kuna mtu anapepeta, hata kama humwoni. Ndivyo maabara inavyofanya. Haiuoni uvimbe, inaona maganda yake.

Uzuri wa vipande hivi ni kwamba havikai. Mwili huvisafisha upesi, kiasi kwamba nusu yake huwa imetoweka katika muda wa saa mbili hivi. Kwa hiyo vinatoa habari za leo, si za mwaka jana. Dawa ikifanya kazi, vipande hupungua. Ugonjwa ukipata nguvu, huongezeka.

Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge, Uingereza, walitoa matokeo ya wanawake 30 ambao saratani yao ya titi ilikuwa imesambaa mwilini. Vipande vya vinasaba vya saratani vilionekana kwa wanawake 29 kati ya 30. Kipimo cha zamani cha CA 15-3 kilionyesha ugonjwa kwa 21 kati ya 27. Ndipo wengi walipoanza kuamini kwamba njia hii inafaa kufuatilia wagonjwa.

Kazi zake kwa sasa ni hizi:

1. Kuchagua dawa. Kati ya wagonjwa ambao saratani yao inategemea homoni, wapatao 40 katika 100 huwa na kosa katika jeni iitwayo PIK3CA. Tangu mwaka 2019 Marekani imeruhusu kosa hilo litafutwe kwa damu kwa ajili ya kutoa dawa iitwayo alpelisib. Lakini sharti ni kwamba damu isipoonyesha kitu, kinyama cha uvimbe lazima kipimwe. Tangu Januari 2023 imeruhusiwa pia dawa ya elacestrant kwa wenye kosa katika jeni ya ESR1, linalotafutwa kwa damu.

2. Kujua mapema kwamba dawa imeanza kuzoeleka. Saratani ni janja. Mgonjwa akitumia vidonge vya kupunguza homoni kwa muda mrefu, baadhi ya seli hubadilisha jeni ya ESR1 ili ziendelee kukua bila kujali vidonge. Nchini Ufaransa wagonjwa 1,017 walifuatiliwa kwa damu. Waliokutwa na badiliko hilo kabla picha hazijaonyesha ugonjwa kukua, 172 kati yao waligawanywa makundi mawili. Waliobadilishiwa dawa mapema walikaa karibu miezi 12 bila ugonjwa kuendelea. Walioendelea na dawa ileile walikaa karibu miezi 6. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2022, na mwaka 2025 utafiti mwingine mkubwa wa namna hiyohiyo, kwa dawa nyingine, ulileta habari zinazofanana: miezi 16 dhidi ya miezi 9.

3. Kutazama kama ugonjwa unarudi. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walieleza habari za wanawake 49 waliokwisha kutibiwa. Katika 18 ambao saratani ilirudi, damu ilitoa dalili kabla kwa 16, wengine hata miaka miwili kabla.

Habari hizi za tatu zinafurahisha, lakini hapa tunaomba msomaji asome polepole. Kujua mapema ni jambo moja, kuokoka ni jambo jingine. Nchini Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 2022 juu ya saratani ya titi isiyotegemea homoni, wagonjwa 32 ambao damu yao ilionyesha alama walipangiwa kupewa dawa mapema. Walipopigwa picha, 23 kati yao walikutwa saratani imekwisha kusambaa. Kwa sababu hiyo, kipimo hiki bado si cha kila mgonjwa aliyemaliza matibabu. Kinaendelea kuchunguzwa.

KIPIMO CHA CA 15-3

Hiki ndicho kinachopatikana zaidi katika maabara za mjini, na ndicho kinacholeta udanganyifu mwingi. CA 15-3 ni protini. Kwa mgonjwa ambaye saratani imesambaa, daktari anaweza kuitazama inavyopanda na kushuka ili kujua kama dawa inafanya kazi, akiilinganisha na picha na hali ya mgonjwa mwenyewe. Hapo ina faida.

Lakini kwa mwanamke mwenye uvimbe mdogo unaoanza, mara nyingi CA 15-3 huwa ya kawaida kabisa. Tena huweza kupanda kwa mtu asiye na saratani, kwa mfano mwenye ugonjwa wa ini. Kwa hiyo haifai kutumika kumtafuta mgonjwa mpya. Yeyote anayekuambia kwamba CA 15-3 ikiwa sawa basi uvimbe wako si kitu, anakupoteza.

JE, DAMU INAWEZA KUMGUNDUA ASIYE NA DALILI?

Wataalamu wanajitahidi sana hapo. Vipo vipimo vinavyotafuta zaidi ya aina 50 za saratani kwa mara moja kwa kutazama alama zilizowekwa juu ya vinasaba. Matokeo ya kimoja kati ya hivyo yalitolewa mwaka 2021. Katika saratani zilizokwisha kusambaa, kilikamata 90 katika 100. Lakini katika saratani zilizo hatua ya kwanza, ambazo ndizo zinazotibika kwa urahisi, kilikamata 17 tu katika 100. Maana yake, 83 wangeambiwa "hatuoni kitu" nao wanaumwa.

Sababu inaeleweka. Uvimbe mdogo una maganda machache. Katika mirija miwili ya damu vinaweza visiwepo hata vipande viwili vya saratani kati ya maelfu ya vipande vya kawaida. Tena, kadiri tunavyozeeka, chembe nyeupe za damu zenyewe hupata makosa ya jeni yasiyo na uhusiano na titi, na makosa hayo yanaweza kuonekana kama saratani. Hata kipimo kinachokosea kwa watu 5 tu katika 1,000 wazima, kikipimwa kijiji kizima, kitawatia hofu watu wengi wasioumwa.

Aidha, damu ya kipimo hiki yataka uangalifu. Ikikaa saa nyingi katika chupa ya kawaida, chembe nyeupe hupasuka na kufunika vipande vinavyotafutwa. Inabidi itenganishwe kwa mashine upesi, au ichukuliwe katika chupa maalumu. Damu iliyosafiri siku mbili kwa basi bila utaratibu huo haiwezi kutoa jibu la kuaminika.

KWA NINI KINYAMA BADO NI LAZIMA

Mwenye uvimbe hana njia ya mkato. Daktari atapapasa titi na kwapa. Ataagiza picha, yaani altrasaundi au mamografia. Kisha atachukua kinyama kidogo kwa sindano maalumu, baada ya kutia ganzi. Kinyama hicho kikitazamwa kwa hadubini ndicho kinachosema hii ni saratani au si saratani. Tena ndicho kinachosema kama inategemea homoni na kama ina protini ya HER2, ili dawa zichaguliwe.

Wapo wanaoogopa kwamba sindano "itaiamsha kansa" isambae. Tunawaambia wazi: kinachoisambaza saratani ni kungoja. Na tunawakumbusha kwamba uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Wengi wanaokuja na hofu hurudi nyumbani wakicheka.

MASWALI MNAYOTUULIZA

"Sista, mama yangu mzazi alifariki kwa ugonjwa huu. Nami je, lazima niugue?"

Hapana, mwanangu. Wengi ambao mama zao waliugua hawaugui. Lakini andika habari za ukoo wako pande zote mbili, nani aliugua na akiwa na umri gani, uende nazo kwa daktari. Kama hakuna nafasi ya kupima jeni, daktari anaweza kukupangia uchunguzi wa karibu kwa kutumia historia hiyo peke yake.

"Mimi ni mwanaume, jambo hili lanihusuje?"

Baba, linakuhusu mara tatu. Wanaume nao hupata saratani ya titi. Kasoro ya BRCA2 huongeza pia hatari ya saratani ya tezi dume. Na unaweza kuwarithisha mabinti zako. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi baba ndiye anayeamua nauli ya hospitali itoke lini.

"Nimetibiwa, nimepona. Nipime damu kila mwezi?"

Hapana. Hudhuria kliniki tarehe uliyopewa, papasa matiti yako na kovu, piga mamografia kama ulivyoagizwa, na umeze vidonge vya homoni kwa miaka yote uliyopangiwa. Mwambie daktari ukiona uvimbe mpya, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kikohozi kisichopona au kupungua uzito.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Jizoeze kujua matiti yako yalivyo. Ukiona uvimbe titini au kwapani, ngozi iliyokunjamana kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, majimaji au damu ikitoka kwenye chuchu, au kidonda kisichopona, nenda kituo cha afya. Usingoje paume. Mara nyingi mwanzoni hapaumi.

2. Usikubali jibu la damu lichukue nafasi ya kinyama. Kabla ya kulipa, uliza: Kipimo hiki kinaitwaje? Kinatafuta nini? Kikisema hakuna kitu, je, uvimbe wangu utaachwa bila kuchunguzwa? Ukijibiwa "ndiyo", okoa fedha yako.

3. Fedha iliyopo iwe kwanza ya nauli, picha na kinyama. Uliza katika hospitali yako namna ya kupelekwa penye huduma za saratani, kama vile Ocean Road mjini Dar es Salaam, Bugando mjini Mwanza, au KCMC mjini Moshi.

4. Hesabu siku. Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake ulioanza mwaka 2021, linataka mgonjwa ajue ugonjwa wake ndani ya siku 60 tangu afike kituoni, na linataka wagonjwa angalau 80 katika 100 wamalize matibabu. Siku 60 zikipita nawe hujui, rudi ukaulize.

5. Ukianza matibabu, maliza. Dawa iliyokatizwa katikati huipa saratani nafasi ya kujifunza.

Wapenzi wasomaji, wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Sayansi ya damu inasonga mbele, na tunatumaini kwamba wajukuu zetu watapimwa kwa matone machache na kujua yote. Mpaka siku hiyo ifike, mkono unaopapasa titi, na mguu unaokwenda hospitali mapema, ndivyo vipimo ambavyo kila nyumba inavyo bila malipo. Mama yeyote anayesoma haya na kujua moyoni kwamba ana kitu titini, asigeuze ukurasa kabla hajamwambia mtu mmoja nyumbani. Kesho asubuhi waondoke pamoja.